Siku Niliyofanywa Nchi

Mie nimekuwa mambo mengi katika maisha yangu. Nimekuwa mtoto wa mwenye duka, nikawa mke wa mwenye duka, na marehemu Aidarus alipokwenda zake nikawa mwenye duka mwenyewe. Kuna mwaka nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji hapa mtaani kwetu Gongo la Mboto, nikaacha kwa ajili ya kelele. Lakini nchi sikuwahi kuwa, mpaka mwaka huu, Jumapili moja kabla ya Ramadhani, nikiwa nimekaa kwenye kochi langu nachagua mchele.

"Bibi," akasema mjukuu wangu Khulud, "weka ungo chini. Tunataka uwe nchi."

"Nchi ipi?"

"Kilimbwe. Haipo. Ametunga mwalimu wetu."

"Sasa kama haipo, mie nitakuwaje?"

"Ndiyo raha yake hiyo, Bibi."

Nikaweka ungo chini. Kitu nisichokijua kikinipita mbele, sikiachi kiende bila kukishika upindo.

Khulud ni binti wa mwanangu Haroub, na tangu aanze chuo kikuu anakaa kwangu. Yuko mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho, anasomea mambo ya nje: namna nchi zinavyopatana, zinavyonuniana na zinavyorudiana. Aliponieleza mara ya kwanza nilimuuliza kama ni kazi ya ushenga. Alicheka, halafu akafikiri, akasema, "Karibu na hapo, Bibi."

Kila mwaka chuo chao hupeleka vijana Addis Ababa kwenye mkutano wa wanafunzi wa Afrika nzima. Wanakwenda wachache, na mmoja wao ndiye kiongozi wa ujumbe. Khulud alikuwa anautaka huo uongozi kama mgonjwa anavyotaka maji. Ili uchaguliwe, unajaribiwa. Wanakuweka mezani na mwenzako, kila mmoja na nchi yake ya kutungwa, mnajadiliana mbele ya walimu mpaka muafikiane au mshindwe.

Mwaka jana alijaribiwa, akakosa. Mwenzake mezani alikuwa msichana anaitwa Blessing, mtoto wa mwalimu kule Segerea. Khulud alimbana kwa hoja, akambana, mpaka Blessing akabeba pochi yake akatoka zake nje. Dokta Tekla, mkuu wa majaribio, akamwambia mjukuu wangu, "Umeshinda, binti. Lakini umebaki peke yako. Mkataba utasaini na kiti?"

Mtoto alirudi nyumbani kavimba macho. "Bibi, nilikuwa sahihi kila neno! Sasa nilikosa nini?"

Mie mwenyewe nilitaka kujua.

Mwaka huu ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na alijiandaa hasa. Mwezi mzima alikuwa anakwenda Temeke, yanakolala malori ya Zambia na Kongo, anawauliza madereva maswali. Aliita utafiti.

"Huo utafiti si umbea tu wenye kitambulisho?" nikamchokoza.

"Umbea unasema, Bibi. Utafiti unauliza."

"Haya. Na wakishakujibu?"

Akasema, "Nakusanya hoja."

Basi Jumapili hiyo alikuja na mwenzake Adelard ili wafanye mazoezi. Adelard ni kijana wa Bukoba, mrefu, mpole, anakula visheti vyangu kama vile kesho vinapigwa marufuku. Akanipa shikamoo yake, akakaa, akanieleza kazi yangu.

"Bibi, wewe ni Rais wa Kilimbwe. Mimi ni waziri wako wa mambo ya nje. Nchi yetu ni kubwa, ina milima, ina maparachichi mpaka yanaanguka yenyewe. Lakini bahari hatuna. Bandari iko kwa jirani, nchi ya Pwanzi, katika mji wa Kasa. Khulud ndiye Pwanzi. Tunataka tupewe sehemu ya bandari."

"Kumbe," nikasema, "nyumba yangu kubwa, mlango uko kwa jirani."

Adelard akaacha kutafuna. "Hiyo naiandika, Bibi."

"Usiandike," akasema Khulud. "Tuanze."

Tukaanza. Nilivyotazamia mie, nchi zikikutana zinasalimiana kwanza, zinaulizana habari za watoto. Wapi! Khulud alinyoosha mgongo, akatutazama kama askari wa barabarani aliyekukuta huna leseni.

"Mkitaka kupita Kasa mtapita kwa masharti yetu. Mkikataa, maparachichi yenu mtayala wenyewe."

"Mheshimiwa, sisi tuko tayari kuwa na mazung..." Adelard akaanza, lakini ndege ikapita. Sie huku tuko kwenye njia ya ndege, ikipita juu ya bati unafunga mdomo, unangoja. Ikaisha. "...mazungumzo ya kirafiki."

"Urafiki hauandikwi kwenye mkataba. Kila siku mzigo wenu ukikaa getini, unaoza. Mimi naweza kungoja. Nyie hamwezi. Hilo nimelifanyia utafiti."

Na kweli kila alilosema lilikuwa na ushahidi. Dereva huyu kasema hivi, yule kasema vile. Mie rais nilihisi joto likinipanda. Adelard akaegemea kochi, akasahau uwaziri.

"Sista, hapa tunajadiliana au unanisomea hukumu?" Kisha akanigeukia. "Mheshimiwa Rais, tuondoke."

"Tuondoke twende wapi? Hapa ni kwangu."

Tukacheka wawili. Khulud hakucheka. Nilimwona uso wake, ukawa ule ule wa mwaka jana. Nikasema basi, nchi zote zikanywe chai.

Nilileta chai ya tangawizi na visheti vilivyobaki. Nchi zilikuwa bado zimenuniana, nikafanya ninachofanya siku zote.

"Kitendawili!"

"Tega," akajibu Adelard haraka, kama mtu aliyerushiwa kamba.

"Wawili wana mlango mmoja. Mmoja akiingia, mwenzake anatoka, na hawajagombana hata siku moja."

"Mchana na usiku," akasema Khulud.

"Hapana."

"Vibarua wa kiwandani Mikocheni," akasema Adelard. "Wamepanga chumba kimoja, mmoja zamu ya mchana, mwingine ya usiku."

"Hao watagombana tu, mwanangu. Hapana."

Wakajaribu maji, wakajaribu ufunguo, wakashindwa. Nikasema, "Nipeni mji."

Nyie mnaujua mchezo wetu. Aliyeshindwa kutegua hutoa mji. Mwenye kitendawili huupokea, husimulia alivyokwenda huko akakirimiwa, ndipo anatoa jibu. Na mji ukiwa mdogo, ruhusa kuukataa.

Adelard akakaa wima. "Mimi ni waziri wako, Mheshimiwa. Siwezi kukupa mji wakati tuko upande mmoja. Muulize Pwanzi."

"Chukua Bagamoyo," akasema Khulud bila kuniangalia.

"Sitaki."

"Tanga."

"Nimeshakwenda."

"Bibi jamani! Haya, chukua Kasa, basi!"

Adelard aliruka, kidogo apindue sinia. "Ameitoa! Ameitoa bandari! Dunia nzima ni shahidi!"

"Huo ni mchezo!"

"Na ule mwingine ulikuwa nini?"

Mie sikuwangoja. Nikajiweka sawa, nikasimulia. "Nilipokwenda Kasa, wenyeji walinipokea na matarumbeta. Wakanipa pweza wa nazi, wakanipa kiti kinachozunguka. Wakaniuliza, mbona mjukuu wako Khulud hakuja? Nikawaambia, yupo nyumbani amekunja uso kama ndimu iliyosahaulika kwenye friji. Wakasikitika sana, wakampelekea halua..."

Adelard alikuwa anafuta machozi kwa kicheko. Hata Khulud mdomo ulimcheza. Nilipomaliza, nikachukua kikombe changu nikanywa.

"Jibu," akasema Khulud.

"Jibu gani?"

"La kitendawili. Umechukua mji, toa jibu."

Sijui niliingiwa na nini. Labda ni ule urais. Nikasema, "Mji nimeshaupata. Jibu la nini tena?"

"Bibi!"

"Mie naweza kungoja. Wewe ndiye huwezi."

Nilitania tu. Lakini alisimama wima. "Hiyo siyo haki! Hakuna mtu anatoa mji bure! Ukichukua mji na jibu ukabaki nalo, nani atacheza na wewe tena?"

Akasema hivyo, halafu akawa kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa nje. Akakaa taratibu. Ndege nyingine ikapita, tukangoja, ikaisha, yeye bado amekaa vile vile.

"Blessing," akasema. "Mwaka jana Blessing alinipa kila nilichotaka, kimoja kimoja. Nikapokea. Sikumpa kitu. Ndiyo maana akabeba pochi."

Halafu yakaanza maswali, si ya hoja, ya kutaka kujua tu. "Bibi, kwa nini anayeshindwa ndiye anatoa mji? Na huo mji ni wa nani? Mtu anakupaje Tanga wakati Tanga si yake? Na kwa nini wewe uliyeshinda ndiye unabaki na deni?"

"Sijui, mwanangu. Tuliukuta hivyo. Bibi yangu mie alikuwa akitoa Maskati, na hajawahi kufika."

"Kwenu Bukoba?" akamgeukia Adelard.

"Tunatoa mji pia, tulifundishwa shuleni. Nyumbani kwa bibi yangu sikumbuki. Sijawahi kujiuliza."

"Mimi pia," akasema, na macho yake yaling'aa kama alipokuwa mtoto anafungua redio ya babu yake aone nani anaongea ndani. "Na jibu, Bibi?"

"Siku ya majaribio," nikasema. Nilishaona linamwasha, nikaona limwashe vizuri.

Wiki ile hakukuwa na amani. Ananiuliza naosha vyombo, ananiuliza namaliza kuswali. "Ni mlango wa msikiti? Ni ndoo mbili za kisima?" Hapana, hapana. Akarudi Temeke, na safari hii alirudi kimya. Nilipomuuliza wamemwambia nini, akasema, "Yale yale. Mie ndiye nilikuwa sisikii. Nilikuwa namsikiliza mtu ili nipate pa kumbania."

Siku ya majaribio ndugu waliruhusiwa kukaa nyuma ya ukumbi. Nilivaa baibui langu jipya, nikajifukiza udi, nikaenda. Adelard alikuwa ameshamaliza zamu yake asubuhi, hakufika mbali, lakini hakuwa na kinyongo. Akakaa nami anitafsirie, maana mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza, na mie Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, kwenye ng'ombe na maziwa.

Wakapiga kura ya nani akae na nani. Khulud akaangukia Pwanzi, yenye bandari. Mwenye Kilimbwe akasimama, akaja mezani. Alikuwa Blessing.

Nilimtazama vizuri. Binti mfupi, nywele kasuka vizuri, uso hauna utani. Akakaa, na pochi yake akaipakata. Hakuiweka chini.

"Ameshajiandaa kuondoka," akaninong'oneza Adelard.

Wakaanza. Adelard ananitafsiria, Blessing anaomba, Khulud anajibu kwa upole lakini haendi mbele. Blessing akaomba tena, sauti ikapanda. Mkono ukaenda kwenye mkanda wa pochi. Dokta Tekla pale mbele akaandika kitu. Nikajikuta nimemshika Adelard mkono.

Khulud akauona ule mkono kwenye pochi. Akamgeukia Dokta Tekla. "Naomba kusema Kiswahili."

"Ruhusa. Hata Addis kinasemwa."

"Blessing," akasema mjukuu wangu, "mie natoa mji."

Ukumbi ukaguna. Adelard akashika kichwa. "Anaitoa Kasa! Mungu wangu, anaitoa kweli!"

"Lakini kwetu aliyepewa mji hutoa jibu. Basi niambie. Mkishaipata Kasa, asubuhi ya kwanza mtafanya nini?"

"Nilijiandaa kunyimwa," akasema Blessing, na watu wakacheka, na yeye mwenyewe akakaribia kucheka. Akafikiri. "Asubuhi ya kwanza tutatafuta pa kuweka maparachichi. Yanaoza getini. Ukweli, sisi hata meli hatuzigombei. Tunagombea kivuli."

"Kivuli?"

"Kivuli. Mahali pa baridi. Basi." Halafu akainamia meza. "Na nyie mnaogopa nini? Maana hilo geti mmelikalia kama kuku aliyelalia mayai."

Hapo na mie nilicheka, kwa sauti, mpaka Dokta Tekla akanitupia jicho. Khulud akajibu bila kukasirika. "Tunaogopa watu wa Kasa watanyang'anywa ufukwe. Ndipo wanapoanikia dagaa. Mkiingia nyie, na wengine watataka, wao wataanika wapi?"

Blessing akainuka. Akatembea, nikadhani ndiyo anatoka, kumbe anakwenda kwenye ubao. Akachora milima huku, bahari kule, na katikati, mpakani, akachora nyumba. "Nyumba ya baridi iwe hapa. Kilimbwe tujenge, Pwanzi mlete umeme. Mzigo ungoje hapa, usiozee getini kwenu. Ufukwe wa Kasa msiuguse, na sisi hatuugusi."

"Na lori litoke hapa meli ikishafika tu," akasema Khulud, naye amesimama, ananyoosha kidole ubaoni.

Kutoka hapo wakawa kama watu wawili wanaopanga shughuli ya harusi, hiki kikae wapi, kile nani abebe, mara wanakatazana, mara wanamaliziana maneno. Mengine sikuyaelewa. Nilichokiona mie ni pochi. Ilikuwa chini, imeegemea mguu wa meza, mwenyewe kaisahau.

Matokeo yakatoka ndani ya Ramadhani, siku nimepika tambi za sukari kwa ajili ya futari. Adelard, ambaye hafungi lakini futari haimpiti, alikuwa ameshafika. Tulipomaliza kufuturu Khulud akaingia sebuleni, kasimama mlangoni, mikono nyuma. Alikuwa ameyajua matokeo tangu mchana na hajatuambia.

"Kitendawili!"

"Tega," tukasema.

"Mlango hauna nyumba, lakini kila siku watu wanapiga hodi."

Nikasema mdomo, akakataa. Nikasema kaburi, akaniambia, "Bibi, haya tumefuturu sasa hivi!" Adelard akasema mpaka wa nchi. Nikasema bandari. Hapana zote.

"Nipeni mji."

"Chukua Mombasa," akasema Adelard.

"Mdogo."

"Kairo."

"Siutaki."

Nikamtazama mtoto. Midomo ilikuwa inamtetemeka, sijui kwa kicheko, sijui kwa kilio. Nikasema polepole, "Addis Ababa."

"Nimeupokea!"

Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Adelard alimnyanyua na kumzungusha, nami nikasahau kumkemea. Khulud akainua mkono tumwache asimulie, maana kanuni ni kanuni.

"Nilipofika Addis Ababa, walinipokea vizuri, wakanipa kahawa yao. Wakaniuliza, kiongozi wenu nani? Nikawaambia, kiongozi wetu ni Blessing."

Adelard akarudi kwenye kochi.

"Wakaniuliza, na wewe je? Nikawaambia, mie ni mtafiti wa ujumbe. Mie ndiye ninayeuliza."

Nikamvuta akae karibu nami. "Inakuuma?"

"Inauma, Bibi. Sitakudanganya. Niliutaka." Akafuta pua kwa ncha ya mtandio wangu, kama zamani. "Lakini yeye ndiye aliyeinuka akaenda ubaoni. Mie nilikuwa nimepata jibu, sikujua nilifanyie nini. Halafu Dokta Tekla aliniita, akaniuliza huu mchezo wa kutoa mji umetoka wapi. Nikasema sijui. Akasema, basi nenda ukaulize. Kule watakuwepo watoto wa nchi zote. Nitamuuliza kila mmoja: kwenu, aliyeshindwa kitendawili hutoa nini? Na aliyeshinda anadaiwa nini?"

"Labda kuna wanaotoa ng'ombe," akasema Adelard.

"Labda kuna wasiotoa kitu," nikasema mie, na wazo hilo likanishangaza. Mchezo gani huo?

Ndipo nikakumbuka nadaiwa; siku ya majaribio ilipita sikulipa. "Haya, jibu lako. Wawili wenye mlango mmoja, mmoja akiingia mwenzake anatoka. Ni pumzi."

Akaivuta ndani, akaitoa. Akaivuta tena. Adelard naye, na mie pia, tukawa watatu tumekaa kwenye kochi tunapumua kama wajinga.

"Na jibu lako wewe?" nikamuuliza. "Umechukua mji mkubwa huo."

Akasimama, akakusanya vyombo, akaenda navyo jikoni. Sauti ikatoka huko huko.

"Nikirudi!"

Amekwenda wiki iliyopita. Kila ndege ikipita juu ya bati naacha ninachofanya, nafikiri. Mlango hauna nyumba, lakini kila siku watu wanapiga hodi. Nimesema sikio, nimempigia simu, amekataa. Nimesema pua. Adelard anasema simu yenyewe, akaambiwa amekaribia kidogo, tukachanganyikiwa zaidi. Jumamosi anarudi. Mchele nimeshauchagua, na Blessing nimemwambia kwenye simu, wakirudi naye aje, alete hiyo pochi yake aiweke chini. Mtu aliyechukua mji wangu ananidai nini zaidi? Mie ndiye ninayemdai jibu, na ataingia kwa mlango huu huu.